Mzigo wa mto wote usiachiwe Korogocho

Hongera kwa vijana wa kikundi cha Komb Green. Pale mtaani Korogocho, kando ya Mto Nairobi, palikuwa jaa, leo watoto wanacheza chini ya miti. Hiyo ni kazi ya mikono yao, na wanastahili kila sifa.

Lakini angalieni maji yenyewe. Mizizi imeshika udongo wa ukingo vizuri, na papo hapo chini yake kunapita maji meusi yenye povu, huku matambara na chupa za plastiki zimenasa matawini. Uchafu huo mwingi haukuanzia mtaani kwao. Umeshuka kutoka juu, pamoja na majitaka ya mabomba yaliyopasuka. Na hauishii hapo: Mto Nairobi huingia Athi, ambao hufika baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki.

Kaunti izibe mabomba. Vijana nao wapewe idhini ya maandishi ya kutunza eneo lile, asije mtu kesho akalizungushia mabati. Na walipwe, jamani! Kumwagilia miche Januari na Februari jua likiwaka, kisha kuzoa taka upya kila mvua inaponyesha, ni kazi ya mwaka mzima.