Uchaguzi wa distro ya Linux kwa kompyuta za nyumbani

Distro ya Linux ni mfumo kamili wa uendeshaji uliojengwa juu ya kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Distro huja na eneokazi, yaani madirisha, menyu na vitufe ambavyo mtumiaji huviona kwenye skrini.

Suala la kuchagua distro limewafikia watu wengi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Mwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, kisha basi. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au kipya zaidi. Kompyuta ya mtumba ya mwaka 2013 au 2015 haitimizi masharti hayo hata kama bado ni nzima, na hiyo ndiyo familia nyingi za Tanga na Muheza huimudu.

Linux si ngeni Tanzania. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Kwa matumizi ya kila siku, Linux Mint ndiyo chaguo la kwanza lenye busara. Toleo la 22, lililotoka 2024, litapata masasisho hadi 2029. Eneokazi la Cinnamon linafanana kiasi na Windows. Penye kumbukumbu ya GB 4 au chini, Xfce ni jepesi zaidi. GNOME na KDE Plasma ni mazuri, lakini hayana haraka kwa mashine dhaifu.

Bando nalo ni kigezo, ingawa miongozo ya ughaibuni hulitaja kwa nadra. Arch Linux husasishwa mfululizo, na Fedora hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi. Kwa anayetegemea intaneti ya simu huko Amani, milimani Usambara Mashariki, hiyo ni gharama isiyokwisha. Faili la Mint, karibu GB 3, linaweza kupakuliwa mara moja mjini, likanakiliwa kwenye flashi na kugawiwa jirani, leseni inaruhusu.

Michezo

Hapa jibu linategemea mchezo wenyewe. Tangu 2018, Proton ya kampuni ya Valve huwezesha michezo mingi ya Windows kuendeshwa kwenye Linux kupitia Steam. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina matoleo ya Linux. Lakini Valorant, Fortnite na EA Sports FC 25 hazikubali, kwa sababu ya programu zao za kuzuia udanganyifu au uamuzi wa wenye michezo. Kubadilisha distro hakusaidii kitu. Anayetaka mpira wa EA lazima abaki na Windows, pengine kwenye sehemu nyingine ya diski.

Kikwazo kingine ni chipu ya picha. Proton hutegemea Vulkan, na chipu za Intel za 2012 na 2013 hazina Vulkan kamili. Mint inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, hivyo sauti, Wi-Fi na skrini hukaguliwa kabla Windows haijafutwa.