Alichonificha mume wangu

Hebu niambie, msomaji wangu: mwenzio unamjua kiasi gani? Mimi nilidhani wangu namjua mpaka kucha. Miaka minne ya ndoa, watoto wawili, mkopo mmoja wa benki. Kumbe!

Mwezi uliopita tulikwenda kwao Kyela. Tukasalimia wakwe, tukala wali (mchele wa Kyela ukiula kwake, huu wa Dar unauona pumba), kisha tukamwachia bibi watoto, tukakimbilia Matema sisi wawili tu. Ziwa Nyasa limetulia, Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Jumamosi nikataka twende kwa boti hadi Ikombe, kwa akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu. Akakubali. Nilipoongeza, "na Pali-Kyala tukapaone," akanyamaza.

Nilikuwa nimesoma, si unanijua. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya ibada zao, kikatoka 1959. Pali-Kyala, yaani alipo Kyala, ni mahali patakatifu kandokando ya ziwa, karibu na Ikombe. Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale waliopewa heshima ya kimungu. Mwingine ni Lwembe, mwenye msitu wa Lubaga, upande wa Rungwe. Usitafute jengo wala mnara. Ni miti tu isiyokatwa, na walioingia ni makuhani peke yao, kimya kimya. Wakinga walishuka milimani na majembe ya chuma kuleta sadaka.

Tena usidhani ukubwa huo ulikuwa ulaji. Jina la Lwembe lilirithiwa na mtu hai, na mvua, mazao na uzazi wa nchi vilitegemea afya yake. Akiugua sana hakuachwa afe mwenyewe: alizibwa pumzi, na nywele na kucha zake zikazikwa ili ardhi izae. Watu waliukimbia urithi huo. Wewe ungeutaka?

Kinachonishangaza zaidi ni jina. Wamisionari wa Kijerumani walianza kazi huko 1891, na leo Mnyakyusa akimwomba Mungu kanisani kwa lugha yake anamwita Kyala. Jina lile lile!

Haya yote nayamwaga kwenye boti, kwa mbwembwe. Mwenzangu anatazama maji. Mwishowe akasema, "Babu mzaa baba alikuwa mmoja wao."

"Wao kina nani?"

"Walioingia msituni."

Nilikasirika. Si kwa sababu ya babu, jamani, kwa sababu ya miaka minne. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tukiwa wachumba.

"Ningekwambia, mama yako angenipokea?"

Mama ni mlokole wa mikesha. Aliuchunguza ukoo wa huyu kijana kabla hata ya kupokea posa. Nilitaka kujibu kwamba angekupokea tu, mbona. Haikutoka.

"Asingekupokea," nikamwambia.

Pali-Kyala hatukwenda. Tulishuka Ikombe, tukachagua vyungu viwili, na wakati wa kurudi akanisimulia habari za babu yake mpaka boti ikagusa mchanga. Chungu kimoja ni cha mama. Tunampelekea Jumapili hii. Mwenzangu anasema atamwambia mwenyewe, nisimtangulie.