Walikwenda Ng'ambo kwa Sababu Gani?



Mtu akihama nchi yake kwenda kutafuta kazi ng'ambo, wanaobaki nyuma husema mambo mawili. Wengine husema ana tamaa ya fedha. Wengine husema amewakimbia wenzake. Mimi nasema maneno yote mawili hayana haki, na ushahidi wangu ni habari za vibarua wa mashamba wa Uingereza, waliohama kwa maelfu pamoja na wake na watoto wao katika miaka ya 1870. Nimechagua hao kwa sababu walikuwa watu wa chama kama sisi, na chama chao wenyewe ndicho kilichowasaidia kuondoka.

Tuangalie kwanza hali yao. Katika jimbo la Warwickshire kibarua alipata karibu shilingi 12 za Kiingereza kwa juma. Kwa fedha hiyo watoto walikula mkate na viazi, nyama mara chache. Ardhi hakuwa nayo. Babu zake walikuwa na haki ya kulisha ng'ombe na kuokota kuni katika ardhi ya kijiji, lakini Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuitia ua ardhi hiyo na kuwagawia wenye mali. Kura pia hakuwa nayo, mpaka mwaka 1884. Akizeeka, au akikosa kazi, mahali palipobaki ni nyumba ya maskini.

Lakini kamba iliyowafunga zaidi ilikuwa nyumba. Wengi walikaa katika nyumba za tajiri. Ukifukuzwa kazi leo, kesho vyombo vyako viko barabarani. Basi mtu aliyetaka kusema neno juu ya mshahara alifikiri kwanza watoto watalala wapi. Mtu wa namna hiyo hawezi kupatana bei ya jasho lake.

Tarehe 7 Februari 1872, Joseph Arch, mkata nyua wa kijiji cha Barford na mhubiri wa Methodisti, alisimama chini ya mti huko Wellesbourne akawaambia vibarua waungane. Mwaka huo huo chama cha nchi nzima kikaanzishwa, na kufika mwaka 1874 kilikuwa na wanachama zaidi ya 80,000.

Matajiri hawakukaa kimya. Mwaka 1873, katika kijiji cha Ascott-under-Wychwood, wanawake 16 walifungwa jela, wengine na watoto wachanga mikononi, kwa kuwa walijaribu kuwazuia watu waliokuja kuchukua kazi za waume zao waliogoma. Waliowahukumu walikuwa mapadre wawili. Mwaka 1874, upande wa mashariki, vibarua waliomba waongezwe shilingi moja tu, kutoka 13 mpaka 14. Matajiri wakajibu kwa kumfungia kazi kila mwenye kadi ya chama. Chama kiliwalipa waliofungiwa shilingi 9 kwa juma, mwezi baada ya mwezi, mpaka hazina ikakauka.

Hapo kibarua alibaki na njia tatu: arudishe kadi na kuinamisha kichwa, aende mjini, au apande meli. Serikali ya New Zealand ilikuwa inatoa nauli bure. Arch mwenyewe alikwenda Canada mwaka 1873 kuona nchi, na kiongozi mwingine wa chama, Christopher Holloway, akasafiri na mamia ya wahamiaji mpaka New Zealand. Je, mtu aliyepanda meli hiyo tumwite mwoga? Baharini palikuwa na kifo. Mnamo Novemba 1874 meli iitwayo Cospatrick iliwaka moto ikielekea huko, watu zaidi ya 400 wakafa, na waliookoka ni watatu tu. Mtu hamweki mtoto wake katika hatari kama hiyo kwa sababu ya tamaa. Humweka huko kwa kuwa nyumbani mlango umefungwa.

Wako wanaouliza kama chama kilifanya vizuri kuwasaidia watu wake kuondoka. Nasema ndiyo. Mikono ikipungua, mshahara hupanda, na tajiri anayejua kwamba mtu wake ana mahali pengine pa kwenda humsikiliza. Lakini silaha hiyo ina makali pande mbili. Aliyekuwa tayari kuvuka bahari mara nyingi ndiye aliyekuwa tayari kusimama mbele ya tajiri. Meli iliondoka na katibu wa tawi na mkusanya ada, na chama kikapungua nguvu.

Tena, ardhi walioahidiwa ilikuwa na wenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1863 serikali ya New Zealand ilikuwa imewanyang'anya Wamaori mamilioni ya ekari. Aliyefukuzwa kwenye ardhi ya babu zake alipelekwa kukaa katika nchi ya wengine waliofukuzwa. Sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Ndugu zangu, leo vijana wetu wanapanda ndege kwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Tusiwatukane, wala tusiwafute katika daftari. Kila tawi liwasomee mkataba kabla hawajatia sahihi, liandike jina la wakala na la tajiri, na liendelee kuwahesabu kuwa wanachama. Hiyo ni kazi ya chama.

Lakini kazi iliyo kubwa zaidi iko hapa hapa. Tunapokaa mezani na waajiri, tusidai shilingi peke yake. Tudai na nyumba ambayo mtu hataitoka usiku kwa kuwa asubuhi alisema ukweli. Vibarua wa Uingereza walipewa nauli ya bure kwenda upande wa pili wa dunia, na bado hawakupewa ile shilingi moja waliyoomba nyumbani. Wanaotaka watu wetu wasihame, na waanze hapo.

Umoja ni nguvu.