Kisu cha Mfukoni

Mara hii twazungumza juu ya chombo kidogo ambacho wengi wanacho na wachache wajua haki yake, nacho ni kisu cha kukunja.

Chombo hiki si cha jana, kwani Warumi wa kale walikuwa nacho. Lakini kilichovuma ulimwenguni ni kile cha Uswisi. Mwaka 1884 Karl Elsener alifungua karakana huko Ibach, na mwaka 1891 akaanza kuwapelekea askari wa nchi yake visu vyenye bisibisi na cha kufungulia makopo, wapate kufungua bunduki zao na chakula chao kwa chombo kimoja. Naye Tim Leatherman wa Marekani, aliyezunguka Ulaya katika gari bovu mwaka 1975, alitamani apate koleo ndani ya kisu. Mwaka 1983 akaanza kukiuza chombo chake.

Kwa maoni yetu, kisu chenye vyombo thelathini ni pambo, tena chatoboa mfuko. Ubapa mmoja, bisibisi na cha kufungulia kopo vyatosha. Walio mwambao wachague chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma.

Kisha kinolewe. Kisu butu ndicho kikatacho watu, kwani mwenyewe hukikandamiza kwa nguvu, nacho kikateleza. Na kama hakina komeo, usidunge kwa ncha yake. Kitajikunja juu ya vidole vyako. Wala mtu asidhani kuwa chafaa kuchinjia mbuzi kwa kuwa ni kikali. Ubapa wake ni mfupi, na sheria yetu yakataza kumtesa mnyama.

Sasa twafika palipo na hatari, nasi twaomba vijana watusikilize. Mtu akiumwa na nyoka, awe bafe au koboko, jambo la kwanza liwajialo wengi ni kuchanja pale palipoumwa na kufyonza damu. Hapana! Kuchanja hakutoi sumu. Huongeza jeraha, huingiza uchafu, na sumu nyingine huzuia damu isigande, basi mchanjwaji akazidi kutokwa na damu. Wala asifungwe kamba ya kubana. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba, mlazeni atulie, kiungo kisichezecheze, kisha mchukueni hospitali upesi kwa gari au kwa machela, asitembee kwa miguu. Kisu na kibaki mfukoni.

Vivyo hivyo mama akijifungua njiani: kitovu kisikatwe kwa kisu kilichomenya machungwa asubuhi, kwani pepopunda huua watoto wachanga. Mtoto awekwe kifuani pa mamaye, wafunikwe wote wawili, na kitovu kingoje wembe mpya au mkunga.

Penye faida yake ni pengine: kukata mkanda wa gari lililopinduka, kupasua kanga iwe bendeji, kukata nguo iliyoshika jeraha. Usiku, hata hivyo, kurunzi ndogo ina faida kuliko kisu, nasi twashangaa kuwa watu huisahau.

Na wanaokwenda Hija wakumbuke kwamba tangu mwaka 2001 ukaguzi wa ndege umekuwa mkali mno. Kisu kitiwe katika sanduku kubwa lipelekwalo chini ya ndege. Kikionekana katika mkoba wa mkononi kitachukuliwa, wala hakitarudi.