Folda ikikataa, usivunje mlango

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wangu wa leo unahusu folda za kushea nyumbani. Chuo kimefungwa, niko home, na tangu nifike kazi yangu ya likizo ni moja tu: kuitwa nyumba hii na ile kwa sababu eti "mtandao umegoma".

Mpangilio wenyewe ni uleule kila nyumba. Sebuleni kuna kompyuta ya mezani yenye vitabu vya TET, mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma, maazimio ya kazi, maandalio ya somo na picha za harusi za ukoo mzima. Kuna laptopu mbili tatu za wanafamilia na ruta ndogo juu ya kabati. Folda moja imeshirikishwa ili kila mtu achote humo. Siku ikikataa anaitwa "fundi", yaani kijana yeyote aliyewahi kuweka Windows. Anazima faiwoli, anampa kila mtu ruhusa ya kufanya lolote, folda inafunguka, anapewa soda, anaondoka. Huo ufundi mimi naupinga.

Kwa msioijua huku kwetu: mwalimu anayefundisha Kiongoroni au Maparoni, kule kwenye Delta ya Rufiji, haendi kazini kwa bodaboda. Anakwenda kwa boti, na boti inafuata maji kujaa na kupwa. Akija Kibiti mjini anataka arudi na vitabu vya muhula mzima kwenye laptopu yake, hasa sasa ambapo mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta vitabu vipya. Kuvipakua kimoja kimoja kwa bando la simu ni pesa. Folda ya sebuleni humpa bure. Kwa hiyo folda ikikataa usiku wa kuamkia safari, darasa zima ndilo linalokosa.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawaamini: folda ya kushea haihitaji intaneti. Bando likiisha, ruta bado inaunganisha kompyuta za ndani. Ukisikia mtu anataka kununua vocha ili afungue folda iliyo chumba cha pili, mzuie.

Jambo la pili ndilo kiini cha hoja yangu. Someni ujumbe! Kompyuta ikikataa haisemi neno moja. Kuna siku inasema njia haipatikani, na kuna siku inasema huna ruhusa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Njia haipatikani maana yake hujafika. Huna ruhusa maana yake umeshafika, umesimama mlangoni, unachokosa ni ufunguo. Sasa mtu ameambiwa hana ruhusa, yeye anakimbilia kuzima faiwoli! Barabara ni nzima, kaka, unabomoa daraja la nini?

Kama njia haipatikani, nenda kwa hatua. Hakikisha mashine zote ziko kwenye ruta moja. Mara nyingi laptopu moja imejishika kwenye hotspoti ya simu ya mtu. Angalia anwani za IP: zikianza kwa mfano na 192.168.1 zote mbili, vizuri. Ukiona moja inaanza na 169.254, hiyo haijapewa namba na ruta, anzia hapo. Kisha jaribu kuifungua ile kompyuta kwa namba badala ya jina. Namba ikikubali na jina likikataa, shida ni jina tu. Na umeme wetu mnaujua: ruta ikizimika na kuwaka inaweza kugawa namba upya, kwa hiyo njia ya mkato uliyoiweka jana leo inaelekea kusikojulikana. Dawa ni kuiambia ruta iitengee kompyuta ya sebuleni namba moja ya kudumu.

Halafu angalia Windows inauonaje mtandao wenu. Ukiwekwa Public, yaani wa hadharani, inafunga milango ya kushea kwa makusudi. Wa nyumbani uwekwe Private. Hiyo inatosha, faiwoli ibaki ikiwaka. Ila ukirudi chuoni, waifai ya pale iache kwenye Public.

Kama tatizo ni ruhusa, tafuta ufunguo. Ile PIN ya tarakimu nne unayofungulia kompyuta haifanyi kazi kupitia mtandao, linatakiwa neno la siri la akaunti yenyewe. Na akaunti isiyo na neno la siri kabisa, Windows kwa kawaida haiiruhusu kuingia kutoka mashine nyingine. Pia kuna kufuli mbili: ruhusa ya kushea na ruhusa ya folda lenyewe kwenye diski. Zikipingana, iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda.

Najua mtasema, "Ni nyumbani tu, nani atatuibia?" Haya, hesabuni ni majirani wangapi wana neno la siri la waifai yenu. Na mwizi si lazima awe mtu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, kikavuruga mpaka hospitali za Uingereza. Kilipita kwenye tundu la SMB1, ile lugha ya zamani ya kushea mafaili, ingawa kiraka kilishatolewa Machi mwaka huohuo. Mwishoni mwa 2017 Microsoft ikaanza kuiondoa SMB1 kwenye Windows 10. Mpaka leo kuna mafundi wanairudisha ili kompyuta moja ya Windows XP ionekane! Bora hiyo XP ipumzike, mafaili yake yahamishiwe mashine nyingine.

Sisi walimu watarajiwa tuna sababu ya ziada. Kwenye folda hizo mna alama za wanafunzi na namba za simu za wazazi. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, matokeo ya mtoto si ya kila anayepita sebuleni. Vitabu viwe folda ya kusoma tu, kila mtu achukue, asifute. Alama ziwe folda nyingine, yenye ufunguo wa mwenyewe. Na nakala ya vyote iwekwe mbali na ile kompyuta. Mafuriko ya Aprili 2024 huku Rufiji na Kibiti yalitosha kutufundisha kwamba kitu kilicho nyumba moja tu hakijahifadhiwa.

Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi akikosa hesabu, unatafuta ni hatua ipi aliyokwama, humfutii ukurasa mzima. Kompyuta inastahili heshima hiyohiyo. Fundi anayefungua kila kitu hajatibu chochote, maana hata yeye hajui kilichokuwa kimefunga.

Nawasilisha. Alamsiki, tukutane chuo kikifunguliwa.