Wastani Umemficha Nani? Shina na Majani katika Rejista ya Vifo

Mtu wa miaka 48 akiambiwa kwamba sensa ya mwaka 2002 iliupa umri wa kuishi wa Mtanzania miaka 51, hesabu inayomjia upesi ni ya kutoa: amebakiza mitatu. Hesabu hiyo si sahihi, na lawama si yake. Ni yetu sisi watumishi wa afya, tuliozoea kutangaza wastani bila kuonyesha namba zilizouzaa.

Rai yangu ni kwamba kila zahanati na kituo cha afya, kuanzia Bukoba mjini hadi visiwa vya Muleba, kichore vifo vyake kwa shina na majani kabla ya kukokotoa wastani wowote. Mchoro huu ulienezwa na mwanatakwimu Mmarekani John Tukey katika kitabu chake cha mwaka 1977. Hauhitaji kompyuta wala umeme. Tarakimu ya makumi ya umri huwa shina, ile ya mamoja huwa jani. Aliyefariki akiwa na miaka 47 anaandikwa jani 7 kwenye shina 4, na mtoto wa miaka miwili ni jani 2 kwenye shina 0.

Tubuni vituo viwili, kila kimoja kikiwa na vifo 12 katika mwaka mmoja. Cha kwanza:

0 | 0 0 1 1 2 4
1 |
2 |
3 |
4 |
5 |
6 | 0 7
7 | 0 2 5
8 | 0

Na cha pili:

0 |
1 |
2 | 6 9
3 | 0 2 3 5 5 8 9
4 | 0 5
5 | 0

Ukijumlisha umri wote katika kila kituo unapata 432. Ukigawa kwa 12 unapata 36. Taarifa zikifika wilayani zikiwa na wastani peke yake, vituo hivi ni mapacha. Lakini katika kituo cha kwanza hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na miaka 36 au karibu na hapo: waliovuka miaka mitano wote walifika sitini. Hata umri wa katikati, ambao wengi wetu huukimbilia wastani unapotupotosha, hapa ungetupa 32, mahali pasipo na mtu. Mganga mfawidhi wa kituo hicho ana kazi ya vyandarua, chanjo na wodi ya wazazi. Mwenzake wa kituo cha pili anazika wazazi wa watoto wadogo, na inampasa kuuliza habari za VVU, kifua kikuu, uzazi na ajali.

Mkoa wetu unaijua sura hiyo ya pili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka kutoka Uganda. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi kwa asilimia 9.6 ya watu wazima waliopimwa mkoani. Ukiigawanya namba hiyo kwa kanda, Bukoba mjini ilikuwa asilimia 24.2, na kanda tatu za vijijini 10.0, 4.5 na 0.4. Ni nani angepanga huduma za mjini Bukoba kwa kutazama ile 9.6?

Mchoro hufichua pia udhaifu wa vitabu vyetu vya MTUHA. Majani ya 0 na 5 yakijazana katika mashina ya wazee, usidhani kifo kinapenda namba hizo; ni karani aliyekadiria. Ndugu wa marehemu wasipojua mwaka wa kuzaliwa, waulizwe kwa matukio. Je, bibi alikuwa ameshaolewa wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979? Kijana alikuwa amezaliwa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996? Dakika mbili za maswali hayo zina thamani kuliko desimali mbili za wastani.

Zana hii ina mipaka yake. Mtoto wa siku mbili na wa miezi kumi na moja wote ni jani 0, kwa hiyo wachanga wachorewe mchoro wao wa siku na miezi. Aliyefia nyumbani bila taarifa hayumo kabisa. Tena jamii yetu ina vijana wengi kuliko wazee. Wingi wa majani kwenye shina la chini hautoshi kupima hatari mpaka tujue ni wangapi wa umri huo wako hai.

Hapo ndipo nirudi kwa yule wa miaka 48. Umri wa kuishi hukokotolewa kwa njia ndefu kuliko wastani wa rejista, lakini namba zote mbili huvutwa chini na vifo vya watoto, na yeye utoto ameshauvuka. Kama anatumia ARV, ajue kwamba vifo vya miaka ya tisini vilikuwa vya watu wasiokuwa na dawa alizonazo. Ugawaji wa bure ulianza nchini mwaka 2004. Aonyeshwe mchoro, aelezwe hivyo kwa kalamu na karatasi, kisha ahimizwe kuja kuchukua dawa mwezi ujao.

Aonyeshwe mchoro wa mfano, lakini, si ule wa kijiji chake. Kijijini kwenye vifo 12 kwa mwaka, jani 5 kwenye shina 3 lina jina, na majirani wanalijua. Mchoro halisi ubaki katika faili la kituo na mezani pa mganga mkuu wa wilaya, usibandikwe ukutani.