Subiri Apite Kwanza

Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuna sentensi ninayoisikia karibu kila wiki. Mgeni amesimama, kamera iko tayari, bonde lote liko chini yake. Mara mchungaji wa Kimasai anatokea na ng'ombe wake, na mgeni ananigeukia: subiri apite kwanza, nataka picha safi.

Mimi ni kijana wa Karatu, riziki yangu ni usukani na kamera. Kwa miaka mingi sikuona ubaya wa maneno hayo. Ubaya niliuona Kigoma, mbele ya meli, nilipojisikia nikiyasema mwenyewe.

Nilikwenda kuipiga picha Liemba. Wapenzi wa historia ya vita wanaijua: meli ya Kijerumani iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku 5,000 hivi, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Ilifungwa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji Julai mwaka huohuo. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Nikatafuta pembe nzuri gatini. Fundi mmoja akapita na ndoo, nikashusha kamera nikasubiri. Wakaja wachuuzi wawili, nikasubiri tena. Mzee aliyekuwa amekaa karibu alikuwa akinitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hao wanaopita wamekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nalitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Picha ya meli ya vita isiyo na watu ni uongo, hata kama kila msumari ndani yake ni wa kweli. Tazama zinavyosambazwa: chuma, bomba la moshi, jua linazama, na chini yake maelezo ya vita. Majina ya makamanda yapo. Geoffrey Spicer-Simson yupo, Mwingereza aliyeleta boti mbili, Mimi na Toutou, kupitia nchi kavu ya Kongo hadi ziwani, akaiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari iliyofuata. Kisa hiki kimeandikiwa vitabu. Lakini boti hazipandi milima zenyewe. Vibarua Waafrika walikata njia, wakajenga madaraja, wakavuta kamba. Mizinga ya Königsberg nayo ilivutwa kwa mikono ya watu kutoka delta ya Rufiji. Majina yao hayamo kwenye maelezo ya picha.

Makadirio ya wapagazi waliokufa katika vita hiyo upande wa Waingereza peke yake yanakaribia laki moja, wengi kwa njaa na magonjwa. Kariakoo, tunakokwenda kununua viatu, imepata jina lake kutoka kwa kikosi chao. Mwaka 1916 jeshi lilipotoka Arusha kwenda Kondoa, baba yake babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Hakurudi. Nyumbani kwetu hakuna picha yake, hakuna kaburi lake. Halafu mjukuu wa mwanawe anasafiri mpaka Kigoma kupiga picha chuma, anawaambia watu wapite!

Kuna wanaosema tusiibebeshe picha mzigo usio wake, picha kazi yake ni kuonyesha kilichopo. Sawa. Basi tuonyeshe kilichopo. Meli hii ilitumika vitani mwaka mmoja na kidogo. Ilianza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikabeba abiria mpaka mwaka 2018. Miaka tisini na moja ya dagaa, magunia, mananasi, na akina mama wanaoipanda kutoka kwenye mitumbwi katikati ya maji kwa sababu kijiji hakina gati. Mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi Kongo. Mwaka 2015 iliwatoa Warundi Kagunga ikawaleta Kigoma. Mwaka mmoja wa mzinga, miaka tisini na moja ya watu, na sisi tunaiita meli ya vita.

Najua kwa nini: vita vinauza. Jicho hilohilo ndilo linalouza Ngorongoro. Wageni husimuliwa juu ya akina Siedentopf, ndugu wawili Wajerumani waliofuga ndani ya kreta kabla ya vita, na jina lao linatajwa vizuri kabisa. Familia za Kimasai zilizoondolewa sakafuni mwa kreta mwaka 1974 hutajwa kwa jumla, kama mvua. Ukizoea kumkata mtu kwenye picha, siku ya kumkata kwenye ardhi hutashtuka.

Kwa hiyo, wewe mwenye simu nzuri na wafuasi wengi, nenda Kigoma. Piga picha Liemba. Ila muulize fundi jina lake na umwombe ruhusa, kisha umweke mbele ya chuma. Ukiandika masanduku 5,000, andika pia kwamba yalibebwa.

Nami nimebadilisha jibu langu kule ukingoni. Mgeni akisema subiri apite kwanza, nashuka kwenye gari, namsalimia mchungaji, namuuliza kama anakubali kupigwa picha. Akikataa, tunaondoka sisi.